Chupa inayovuja hujifanya bakteria: uzi wa kuchunguza vijidudu vya matundu ya moto ya Kairei

Magnesi53 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za matundu ya moto ya chini ya bahari huishia kwenye picha za moshi mweusi na yule konokono mwenye magamba ya chuma. Huu ni uzi wa kazi yenyewe: maji yanachotwaje, unajuaje ulichochota ni nini, na vijidudu vyake vinasomwaje bila kujidanganya.

Tutashika mfano mmoja, eneo la matundu la Kairei. Ipo kwenye Bahari ya Hindi, kusini mashariki ya kisiwa cha Rodrigues, karibu na pale bamba la Afrika, la Antaktika na la Australia yanapokutana. Kina ni kama mita 2,450, yaani mgandamizo wa takriban angahewa 245. Maji yake makali hufika nyuzi 360 hivi. Wajapani waliifikia kwa roboti Kaiko mwaka 2000, na kilichoipa umaarufu ni haidrojeni: zaidi ya milimoli 2 kwa kilo ya maji, wakati matundu mengi yaliyokaa juu ya basalti (mwamba wa volkano) ya kawaida yana sehemu ndogo tu ya hiyo. Chini yake kuna miamba yenye olivini nyingi, madini yenye chuma ndani yake. Maji ya moto yakigusa chuma kilichomo, chuma hupata kutu na haidrojeni huachiwa. Mwaka 2004 timu ya Ken Takai wa JAMSTEC, shirika la Japani la utafiti wa bahari, ilitoa hoja kwamba chini ya Kairei kuna jamii ya vijidudu inayoendeshwa na haidrojeni hiyo, watengeneza methani wakiwa mbele. Kutoka eneo hilohilo alipatikana Methanopyrus kandleri aina ya 116, ambaye mwaka 2008 ilitangazwa kuwa ameota kwenye nyuzi 122 chini ya megapaskali 20 (karibu angahewa 200).

Hakuna kiumbe kinachojulikana kuota juu ya joto hilo, kwa hiyo ukiambiwa DNA imetoka kwenye maji ya nyuzi 360, jua haikuishi humo. Imetoka kwenye maji ya bahari yaliyoingia wakati wa kuchota, au imebanduka kwenye ukuta wa dohani (bomba la mawe linalojijenga juu ya tundu), au imeletwa na maji ya vuguvugu ya pembeni. Ipi kati ya hizo? Ukishindwa kujibu, una orodha ya majina tu.

Jibu huanzia kwenye magnesi (magnesiamu iliyoyeyuka kwenye maji). Maji ya bahari yana milimoli 53 kwa kilo, iwe Kairei au Atlantiki. Yakipita kwenye mwamba wa moto, magnesi yote hukamatwa na madini ya mwamba, kwa hiyo maji safi ya tundu huhesabiwa kuwa na sifuri. Sampuli ikisoma 4.2, gawa kwa 53: asilimia 8 ni bahari. Ikiwa haidrojeni imesoma 2.3, gawa kwa 0.92, unapata 2.5 ya maji safi ya tundu. Hesabu ya darasa la saba, lakini bila hiyo huwezi kulinganisha chupa mbili.

KaskaziMkali

Mkuu, kwa nini usitumie joto tu? Roboti ina kipimajoto mkononi, magnesi inasubiri mashine maabara. Maji ya chini yana nyuzi 2, ya tundu 360, kinachobaki ni uwiano.

Magnesi53

Joto hupita kwenye jiwe, magnesi haipiti. Hiyo ndiyo tofauti.

Chukua ufa unaotoa maji ya nyuzi 20. Magnesi ikisoma 50.35, bahari ni asilimia 95 na tundu asilimia 5. Joto la kutarajiwa: 0.05 × 360 ni 18, ongeza 0.95 × 2, jumla karibu 20. Vipimo viwili vinakubaliana, maji yamechanganyika na kutoka upesi.

Sasa ufa wa pili, nyuzi 20 vilevile, ila magnesi ni 47.7. Tundu ni asilimia 10, ulitarajia nyuzi 38. Nyuzi 18 zimepotelea kwenye miamba, maana yake maji yamekaa chini muda mrefu zaidi. Ufa huo ndio wa kufukuzia, maana vijidudu vimepata nafasi ya kula.

Wa tatu: nyuzi 20, magnesi 53 kamili. Hayo ni maji ya bahari yaliyopashwa na jiwe. Kwa kipimajoto peke yake, zote tatu ungeziita sampuli moja.

BintiVumba

Naongezea hapo kwenye kula, ndipo utamu ulipo. Ufa wa kwanza wenye asilimia 5 ya tundu ungepaswa kuwa na haidrojeni 0.05 × 2.5, yaani mikromoli 125 kwa kilo. Tuseme umepima 40. Zimekosekana 85. Watengeneza methani hutumia haidrojeni nne kwa kila methani moja, kwa hiyo kama ni wao, methani iwe imezidi kiwango cha mchanganyiko kwa mikromoli 21 hivi. Methani isipozidi, watafute wengine: wanaounguza haidrojeni kwa oksijeni, naitreti au salfa. Kundi la Campylobacterota, ambalo vitabu vya zamani huliita Epsilonproteobacteria, ndilo la kwanza kushukiwa kwenye maji ya vuguvugu: Sulfurimonas, Sulfurovum, na Nautilia na Caminibacter kwenye nyuzi 50 na kitu.

Ila kabla ya kumsingizia bakteria, iangalie chupa.

FundiTitani

Asante Binti, umenifungulia mlango.

Maji yanayotoka angahewa 245 kuja angahewa 1 hufanya kama soda iliyotikiswa. Gesi hutoka, na haidrojeni, kwa udogo wake, ndiyo ya kwanza kutoroka. Chupa ya Niskin, ile ya plastiki ya kawaida ya kuchotea maji ya bahari, haizuii gesi hata kidogo. Bomba la sindano la titani la mililita 750 hivi, ambalo hupelekwa mawili mawili, huhifadhi metali na chumvi vizuri, lakini gesi nyingi ikitoka hupenya kwenye maungio. Kwa gesi, chupa ya kuaminika ni kama ile ya titani yenye vyumba viwili iliyotengenezwa Woods Hole, taasisi ya bahari ya Marekani: chumba cha sampuli cha mililita 150 na kitu, na nyuma yake chumba cha naitrojeni iliyoshindiliwa. Pistoni katikati husukumwa na ile naitrojeni, hivyo hata sampuli ikipoa na kusinyaa, au ukitoa kidogo kwa ajili ya kipimo, mgandamizo haudondoki ghafla.

Uchotaji wenyewe: kipimajoto kwanza, subiri namba itulie. Ncha ya mrija iingie mdomoni mwa dohani bila kuigonga. Dohani la salfaidi (madini ya metali na salfa) ni kama mkaa, likivunjika mdomo mpya huwa mpana na bahari huingia kwa nguvu. Vuta polepole, kwa kasi ndogo kuliko maji yanavyotoka yenyewe. Kwenye ufa wa vuguvugu kosa hili ni baya zaidi, kwa kuwa mtiririko ni mdogo na pampu yenye pupa huvuta bahari kutoka pembeni. Kipimajoto kikishuka wakati unavuta, punguza kasi au acha.

Na maji ya metali yasiwe ndiyo hayohayo ya DNA. Yakipoa chupani, salfaidi za chuma na shaba huganda kama masizi. Mwanakemia huosha chupa kwa asidi ili ahesabu hayo masizi. Ukichelewa, DNA yako imeoshwa nayo.

Mtambo_wa_Pili

Suala la kuchuja: juu au chini? Naona watu wanaleta lita tano sitahani na kuchuja baada ya chakula cha jioni.

BintiVumba

Kwa DNA, kuchuja sitahani kunavumilika ukifanya mara moja kwenye ubaridi. Kwa RNA hapana. RNA ya ujumbe, yaani nakala za jeni zilizowashwa, huishi dakika, na roboti huchukua zaidi ya saa moja kupanda kutoka kina hicho. Wakati wote huo maji yanapoa, oksijeni inaingia, mgandamizo unashuka, na seli zinabadilisha jeni zinazowashwa. Utasoma jinsi bakteria wanavyohangaika ndani ya chupa, basi. Pampu ichuje palepale chini, kichujio cha mikromita 0.22, kisha dawa ya kuhifadhi RNA isukumwe ndani ya kichujio kabla roboti haijanyanyuka.

Kiasi: lita 1 hadi 5 kwa maji ya vuguvugu. Usitangulize kichujio kinene kwa kuwa tu chembe zinaziba. Wengi wa wenyeji hukaa wamegandamana na chembe hizohizo za salfaidi, ukizitoa umewatoa wao. Mtiririko ukipungua sana, simamisha, andika lita zilizopita, weka kichujio kipya.

KinuNaMchi

Mnasema maji tu, na dohani je? Kuna watu husaga kipande kizima cha jiwe, wanatoa DNA, wanasema "jamii ya dohani". Ndani kuna nyuzi 360, nje nyuzi 2, na katikati sentimita chache tu. Ukisaga vyote pamoja umechanganya wapishi wa nyuzi 90 na wapenda baridi, kisha unashangaa wanaishije pamoja.

Namna ya kufanya: kipande kipandishwe kwenye sanduku lenye kifuniko, la sivyo kitaoshwa na kilomita mbili na nusu za maji. Sitahani kiingie kwenye mfuko wa glavu uliojazwa naitrojeni. Kwa patasi iliyopitishwa motoni, kwangua ngozi ya nje milimita chache, weka peke yake. Badili patasi. Kata tabaka za kati, kisha ule ukuta wa ndani unaong'aa dhahabu kwa kalkopairaiti (madini ya shaba, chuma na salfa). Kila tabaka lina patasi yake na kinu chake, vyote vimechomwa kabla. Ukuta wa ndani hutumika pia kama kipimo cha uchafuzi: humo hapaswi kuishi mtu, kwa hiyo DNA utakayoikuta ni ya kupakwa na patasi au ya maji yaliyoingia wakati wa kupanda.

Gandisha nyuzi 80 chini ya sifuri siku hiyohiyo. Salfaidi ikikaa hewani hutengeneza asidi ya salfuriki, na asidi hukatakata DNA. Wiki mbili kwenye friji ya kawaida, jiwe zuri limekuwa siki.

Halafu lawama kwa kifaa cha kutolea DNA zipungue. Mara nyingi seli zimepasuka vizuri, ila DNA imejibandika kwenye madini. Bafa ya fosfeti ikitangulia hushika nafasi zile kabla ya DNA. Na PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi kwa mizunguko) ikigoma, zimua DNA mara 10 kabla ya kuongeza mizunguko. Chuma na shaba huzuia kimeng'enya, ukizimua unazimua na kizuizi. Albumini ya ng'ombe (protini ya damu) kidogo nayo husaidia.

KaskaziMkali

Mwalimu Kinu, na sampuli tupu ngapi? Hapa ndipo watu hubana bajeti.

KinuNaMchi

Nne, na sipunguzi. Kemikali za kutolea DNA bila sampuli. Kichujio kilichopitishiwa maji safi ya meli. Maji ya bahari ya kina hichohicho mbali na tundu. Na maji ya wingu la moshi juu ya dohani.

Ralstonia, Bradyrhizobium na Sphingomonas wakitokea kwenye sampuli ya moto, hao ni wakazi wa kemikali za maabara. Cutibacterium ni ngozi ya mtu. Mizunguko ya PCR ikipita 35 hao ndio watakaojaa, hasa maji ya moto yanapokuwa na seli chache. SAR11 na Nitrosopumilus ni vijidudu vya maji ya bahari. Hapo mrudie mleta mada: magnesi ikisema bahari ni asilimia 8 lakini SAR11 na wenzake ni nusu ya mfuatano wote wa DNA uliosomwa, usikimbilie kusema chupa imeharibika. Maji ya tundu yana seli chache mno na bahari ya kina ina kama elfu kumi kwa mililita, hivyo asilimia 8 ya maji inaweza kuleta seli nyingi kuliko zile 92. Ndiyo maana kuhesabu seli kwa hadubini ni lazima: formaldehaidi asilimia 2, kichujio cheusi cha mikromita 0.2, rangi ya DAPI au SYBR Green. Uwiano wa mfuatano hauelezi wingi.

Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR): 515F-Y na 926R hushika bakteria na akea, kundi jingine la vijidudu, kwa pamoja. Hata hivyo Nanoarchaeota, akea wadogo mno, hupita katikati ya praima nyingi. Nanoarchaeum equitans alipotangazwa mwaka 2002, kutoka safu ya Kolbeinsey kaskazini mwa Iceland, praima za kawaida zilikuwa hazimwoni. Ukitaka kusema "hayupo", soma DNA yote bila praima.

ChupaYaButili

Nyote mnasoma majina. Anayeotesha yuko wapi?

Mchuzi wa watengeneza methani, kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 30, kloridi ya magnesi gramu 4, bikaboneti ya sodiamu gramu 1, kloridi ya amonia gramu 0.25, fosfeti ya potasiamu gramu 0.14, kloridi ya kalsiamu gramu 0.14, madini haba na vitamini mililita 10 kwa kila kimoja, resazurini (rangi ya kuonyesha oksijeni) miligramu 1. Chemsha, poza huku ukipitisha naitrojeni na dioksidi ya kaboni, kisha sisteini gramu 0.5 na salfaidi ya sodiamu gramu 0.5. Rangi ya waridi ipotee kabisa. Ikibaki hata kivuli chake, oksijeni imo, usipoteze sampuli.

Gawa kwenye chupa za kioo kinene, mchuzi usizidi sehemu moja ya tano ya chupa. Gesi ndiyo chakula, na haidrojeni huyeyuka kwa shida, hivyo tikisa muda wote. Kizibo ni mpira wa butili. Silikoni hupitisha hewa kama chandarua. Juu jaza haidrojeni 80 kwa dioksidi ya kaboni 20, mgandamizo wa baa 2 juu ya hewa. Nyuzi 85 kwa Methanocaldococcus. Zimua mara kumi kumi hadi chupa ya nane au ya tisa. Wanaoibuka kwenye chupa za mwisho ndio waliokuwa wengi, anayeshinda kwenye chupa ya kwanza ni mwenye mbio tu.

Kipimo rahisi cha uotaji ni presha: molekuli tano za gesi huwa methani moja, kwa hiyo mshale unashuka. Lakini kizibo kinachovuja nacho hushusha mshale! Weka chupa mbili zisizo na mbegu kwenye joto lilelile. Na hamisha mbegu mapema, hawa huongezeka maradufu kwa nusu saa hivi, gesi ikiisha seli hupasuka upesi. "Haikuota" nyingi ni zilizoota usiku zikafa asubuhi.

Kwa Thermococcus na walaji wengine wa salfa: salfa haiwekwi kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu) ya nyuzi 121, huyeyuka na kuwa donge. Pika kwa mvuke nyuzi 100, saa moja kwa siku, siku tatu mfululizo. Na agari isahau, inayeyuka kwenye nyuzi 85. Tumia gelani, gandisho linalostahimili joto.

Mtambo_wa_Pili

Presha ya kina, hamuiweki? Megapaskali 24 si mchezo.

ChupaYaButili

Inategemea unamtafuta nani. Wengi wa Kairei huota bila hiyo, ili mradi maji yasichemke. Ukitaka kupita nyuzi 100 kwa usalama, au unamtaka asiyeota kabisa bila mgandamizo kama Pyrococcus yayanosii, aliyetoka Ashadze, Atlantiki, mita 4,100, basi mtungi wa chuma unahitajika. Kwa wengine ni gharama ya bure. Hapa najua Binti atanipinga.

BintiVumba

Napinga nusu. Kuota, wataota. Ila kasi ya ulaji na namna wanavyochagua kaboni nzito na nyepesi hubadilika. Kwenye karatasi ileile ya 2008 ya Methanopyrus, methani iliyotengenezwa chini ya mgandamizo mkubwa ilikuwa na kaboni nzito zaidi kuliko ile ya mgandamizo wa kawaida. Anayetumia isotopu kusema methani fulani imetokana na vijidudu au na mwamba, asikwepe mtungi.

FundiTitani

Usalama, maana hamjaugusa. Salfaidi ya haidrojeni hunuka yai viza kwa kiasi kidogo, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuisikia. Harufu ikikatika ghafla usishangilie, toka. Salfaidi ya sodiamu na asidi visikae kabati moja. Sampuli ya kupima salfaidi ifungwe kwa asetati ya zinki palepale. Na chupa za haidrojeni zifunguliwe chini ya dohani la maabara la kuvuta hewa, mbali na moto wa patasi za Mwalimu Kinu.

Ujiji_Kigoma

Wakuu, sisi wa ziwani tuna neno? Tanganyika nayo ina matundu, upande wa Congo: Rasi ya Banza, na Pemba. Pemba hii si kisiwa cha karafuu. Ni ya kina cha mzamiaji wa mtungi wa hewa.

Magnesi53

Mnalo, mkuu. Ni shule nzuri kwa mikono: kipimajoto, mrija, kasi ya kuvuta, kichujio, yote bila kukodi meli. Banza ina madohani ya aragonaiti (madini ya chokaa). Ila hesabu yangu ya magnesi iache nyumbani. Ziwa lina magnesi kidogo mno ukilinganisha na bahari, makosa ya kipimo yatameza tofauti. Maji ya matundu yale ni ya sodiamu na bikaboneti, kwa hiyo pima uwiano kwa sodiamu: ziwa mwisho mmoja, chupa ya joto la juu kabisa mwisho wa pili.

KaskaziMkali

Swali la mwisho kwa Fundi. Chupa yenye vyumba viwili imefika sitahani. Nitajuaje kama imevuja, kabla sijahesabu haidrojeni iliyokosekana na kuiita ulaji?

FundiTitani

Soma geji kabla ya kufungua valvu yoyote. Kama ulichota kwenye mita 2,450, itegemee karibu megapaskali 24, pungufu kidogo kwa ajili ya kupoa. Ikiwa imeshuka sana, imevuja. Usiitupe. Magnesi, klorini na sodiamu zake bado ni halali, kwa kuwa kuvuja hutoa gesi mbele ya chumvi. Andika kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika: "gesi hapana". Chupa ya pili uliyochota mdomo uleule ndiyo ipimwe haidrojeni, siku hiyohiyo, na kama hukuchota ya pili, mdomo huo hauna namba ya haidrojeni hadi mzamio ujao.